Mgonjwa wa Moyo na Kazi Aliyoiacha



Mwezi huu nataka tulitazame swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ndogo katika nyumba nyingi za wilaya zetu mbili, Mbinga iliyo milimani na Nyasa iliyo kando ya ziwa. Nalo ni hili: Mtu aliyekuwa akiitunza nyumba yake kwa nguvu za mikono yake, kisha akaambiwa na daktari ya kuwa moyo wake hauiwezi tena kazi ile maisha yake yote, je, huyo amebaki nani? Na wale aliokuwa akiwalisha wana wajibu gani kwake, naye ana wajibu gani kwao?

Swali hili lina pande mbili, upande wa fedha na upande wa roho. Wengine huzitenga, wakisema kwamba fedha ni shauri la ukoo, na huzuni ni shauri la mchungaji. Lakini anayemtembelea mgonjwa wa namna hii ataona upesi ya kuwa pande hizi hazitengeki. Mtu huona haya kwa sababu hana fedha, na kwa sababu ya haya huficha madeni yake, na madeni yaliyofichwa humzidishia hofu, na hofu humnyima usingizi. Basi tuyatazame yote pamoja.

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi kazi ya kwetu ilivyo. Katika milima ya Umatengo shamba hulimwa kwa ngoro. Majani hufyekwa na kupangwa mistari mpaka yafanye miraba, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kutupwa juu ya majani yale, hata mlima wote huwa mashimo yanayozuia mvua isiuchukue udongo. Ni kazi ya akili nyingi iliyorithiwa kwa wazee, walakini ni kazi ya kifua pia, maana hufanywa juu ya mteremko. Na huko Liuli, Mbamba Bay na Lituhi, wavuvi hutoka usiku na taa zao kutafuta usipa, na nyavu zilizojaa maji huvutwa kwa mikono. Hata mwalimu na mganga wa zahanati hupanda na kushuka vilima kabla hawajaanza kazi yao. Kwa hiyo moyo ukidhoofika, karibu kila kazi ya kwetu hukatika pamoja nao.

Maradhi ya moyo ni ya namna nyingi. Mtoto aliyeumwa koo asitibiwe vema aweza kupata baridi yabisi inayoharibu milango ya moyo, na madhara yake huonekana baadaye, akiwa kijana wa kulima na kuoa. Mtu mzima aliyekaa miaka mingi na shinikizo la damu bila kujijua, moyo wake huchoka kwa kusukuma kwa nguvu kupita kiasi. Tena wako wanawake ambao moyo wao hulegea karibu na wakati wa kujifungua. Dalili zake hufanana: pumzi hukatika, miguu huvimba, na mgonjwa hawezi kulala chali usiku illa aegemee mito.

Siku hizi msaada upo kuliko zamani. Tangu mwaka 2015 iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Dar es Salaam, ambako wagonjwa hupasuliwa moyo na madaktari wa nchi hii hii. Walakini toka Mbamba Bay mpaka huko ni zaidi ya kilometa 1,000. Na si kila anayetibiwa hurudi katika kazi yake. Wengine hurudi wazima kabisa, na tumshukuru Mungu. Wengine hurudi na uhai wao, lakini jembe na kasia wameyaacha.

Hapo ndipo jaribu lake linapoanza, nalo lina jambo moja lisilo katika maradhi mengine. Aliyevunjika mguu huonekana. Mgonjwa wa moyo akiketi kivulini haonekani kuwa na kasoro. Hana bandeji wala gongo, naye azungumza na kucheka kama watu wote. Jirani apitaye na jembe begani husema moyoni, “Huyu amekuwa mvivu.” Wengine hutaja na neno la Mtume Paulo alilowaandikia Wathesalonike juu ya kazi na chakula. Lakini wasomaji walitazame neno lile vizuri. Mtume alisema juu ya watu wasiotaka kufanya kazi. Kutotaka na kutoweza si kitu kimoja, na anayevichanganya amemshitaki ndugu yake kwa uongo, hata kama amelishika Andiko mkononi.

Pengine mtu atasema, “Basi mgonjwa na atafute kazi nyingine.” Ni shauri jema, na mifano yake ipo. Fabrice Muamba alizaliwa Kinshasa katika nchi ya Kongo mwaka 1988, akaenda Uingereza mwaka 1999 akiwa mtoto, akawa mchezaji wa mpira wa kulipwa. Tarehe 17 Machi 2012, timu yake ya Bolton ikicheza na Tottenham mjini London, alianguka uwanjani, moyo wake umesimama. Daktari mmoja wa moyo aliyekuwa miongoni mwa watazamaji alishuka kusaidia, na dakika 78 zilipita kabla moyo haujaanza kupiga tena wenyewe. Alipona, lakini Agosti mwaka ule ule, akiwa na miaka 24 tu, alitangaza kwamba ameacha mpira kwa shauri la madaktari. Baadaye alikwenda chuo kikuu kusomea uandishi wa habari za michezo. Kijana huyu atufundisha ya kuwa mlango mmoja ukifungwa si nyumba yote iliyofungwa.

Lakini tusimfanye kuwa fimbo ya kuwapigia wengine. Yeye alikuwa kijana, katika nchi tajiri, na vyuo vilikuwa karibu naye. Mkulima wa miaka 50 hapa kwetu, mwenye watoto watano na deni la mbolea, atasomea nini, na kwa ada ipi? Akiweza kushona nyavu kwa kuketi, au kuandika daftari la chama cha ushirika wakati wa kupima kahawa, au kuwafundisha watoto kusoma jioni, na apewe kazi hiyo, maana mikono isiyo na shughuli huongeza majonzi. Lakini kazi hiyo isifanywe kuwa bei ya uji wake. Akiiweza, vema. Asipoiweza, uji ni wake vile vile.

Sasa nitasema juu ya fedha, tena waziwazi, kwa sababu mara nyingi sisi wa kanisa hufariji kwa maneno na kuliacha daftari la hesabu limefungwa.

Neno la kwanza ni kweli. Katika majuma ya mwanzo mume na mke, pamoja na ndugu mmoja wanayemwamini, waketi waandike yote: madeni, akiba, mifugo, mashamba, na matumizi ya kila mwezi. Wako waume ambao wake zao hawakujua deni hata siku mdai alipokuja mlangoni. Kuficha si kumhurumia mke. Ni kumwacha peke yake gizani.

Neno la pili ni kutouza kwa haraka. Mtu akiugua, kitu cha kwanza kutajwa ni shamba la kahawa. Lakini mbuni uliopandwa hukaa yapata miaka mitatu au minne kabla haujatoa mazao ya kufaa, nao kisha huzaa miaka mingi. Basi anayeuza shamba ameuza na ada za watoto zitakazokuja. Pakiwa na njia nyingine, kama kulikodisha kwa mapatano yaliyoandikwa, au kumpa ndugu alitunze wagawane mavuno, na itumiwe hiyo kwanza.

Neno la tatu ni kwa wenye ajira. Mwalimu, mganga au karani asiandike barua ya kuacha kazi kwa uchungu wa siku moja. Sheria inayo mafao kwa mtu ambaye ugonjwa umemwondolea uwezo wa kazi, akiwa ametimiza masharti ya michango na madaktari wamethibitisha: kwa watumishi wa umma ni katika mfuko wa PSSSF ulioanza mwaka 2018, na kwa wa sekta binafsi ni katika NSSF. Kustaafu kwa ugonjwa na kuacha kazi kwa hiari ni mambo mawili, na tofauti yake yaweza kuwa pensheni. Mwinjilisti ajuaye kusoma vema aweza kumsaidia jirani yake sana kwa kumsindikiza ofisini tu na kumsomea fomu.

Neno la nne latuhusu sote. Mgonjwa akipelekwa Dar es Salaam, usharika huchanga, ukoo huchanga, na fedha hupatikana. Akirudi, twaimba na kushukuru, kisha twasahau. Lakini gharama ya moyo haiishii katika lango la hospitali. Aliyewekewa mlango wa chuma katika moyo hana budi kunywa dawa ya kuzuia damu isigande siku zote za maisha yake, na damu yake kupimwa mara kwa mara. Mwenye shinikizo la damu naye hana budi kunywa vidonge vyake hata siku asiyosikia maumivu. Nauli ya kwenda kliniki ni ndogo, wala haina sifa. Hakuna anayesimama kutajwa jina kwa kuitoa. Walakini ni nauli hiyo inayomweka hai. Afadhali usharika uchange kidogo kila mwezi kwa miaka mitatu kuliko kuchanga vingi siku moja. Na mtu yeyote atakayemwambia mgonjwa kwamba imani yake ni haba maadamu anameza vidonge, huyo anaiweka roho ya mwenziwe hatarini, na wazee wamwonye.

Nikirudi kwa upande wa roho, naona mzigo mkubwa wa mgonjwa ni kupokea. Tangu utoto amesikia ya kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Amesikia pia kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Maneno haya yalimfaa alipokuwa na nguvu. Sasa kila sahani anayoletewa humkumbusha. Ndipo huwa mkali kwa mkewe, au hunyamaza siku nzima, au huacha dawa ili asiwe gharama. Ndugu, huzuni hii msiidharau. Aliyekata tamaa huacha kujitunza, na ugonjwa humzidi. Wahenga walijua waliposema, heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Tena tumkumbuke mke. Katika ngoro, kwa desturi, mume alifyeka na kupanga majani, mke akachimba. Mume akiwekwa chini na maradhi, mke hushika kazi zote mbili, kisha usiku huamka kumwinua mgonjwa apate pumzi. Basi wanaokuja kumwona mgonjwa na waulize pia, “Mama amelala saa ngapi?” na siku nyingine waje na majembe yao badala ya maneno.

Wazee wa Umatengo walikuwa na sengu. Watu wa ukoo walikula pamoja, na penye chakula ndipo mashauri yalipokatwa. Sisemi kwamba desturi ile haikuwa na kasoro. Ilikuwa baraza la wanaume, na wanawake hawakuketi katika shauri. Lakini kuna jambo lake moja la kutufunza. Mtu aliketi pale kwa kuwa ni wa ukoo, na mahali alipolia chakula ndipo alipotolea shauri. Sisi leo twampelekea mgonjwa chakula chumbani, kisha twatoka nje kuamua bila yeye mbuzi yupi auzwe na mtoto yupi aache shule. Tumemlisha, na papo hapo tumemwondoa katika ubaba wake. Husemwa kwamba mgonjwa haulizwi uji. Neno hili lafaa kwa mwenye homa ya siku tatu. Kwa mgonjwa wa miaka kumi ni dhuluma. Yeye na aulizwe uji, na aulizwe mbuzi, na aulizwe shule ya mwanawe. Ugonjwa umemwondolea jembe. Shauri lake haukuligusa, ila sisi tukilitwaa.

Hili ndilo jibu langu kwa swali la mwanzo. Sisi wa mapokeo ya Luther twafundishwa ya kuwa wito hauko kanisani tu wala katika mshahara tu. Mtu ameitwa kuwa baba, mume, jirani, mtoto wa wazazi wake. Miito hii yote aliishika kwa pamoja, na kazi ya shamba au ya shule ilikuwa mmoja wao. Moyo uliochoka umekata mmoja, na kuukata huko kwauma. Tusimwambie kwamba si kitu. Mingine yamngoja. Lakini hawezi kuishika pekee, illa watu wa nyumba na wa usharika wamwachie nafasi yake.

Wahenga walisema tena, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi naongeza kwamba na kupokea pia ni moyo, tena wakati mwingine kwahitaji moyo mkuu zaidi. Basi juma hili, kila mzee wa usharika na amfikirie mmoja tu katika mtaa wake aliyeacha kazi kwa ajili ya maradhi. Aende kwake, asiende na zawadi peke yake, bali aende na swali la kweli ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake, amwombe shauri, kisha aketi na kusikiliza mpaka mwisho.