Bakshishi ya Mgumu: Zawadi au Ujira?

Bakshishi ni fedha anayoitoa mgeni kwa hiari baada ya kuhudumiwa, juu ya bei aliyokwisha kulipa. Katika Mlima Kilimanjaro, ambako wengi huiita tipu, kwa kawaida hutolewa mwisho wa safari, kambini Mweka au chini getini kwa waliopanda kwa njia za Machame, Umbwe na Lemosho. Wanaopewa ni viongozi, wapishi na wapagazi, na wapagazi hao mjini Moshi huitwa wagumu. Mgumu hubeba hadi kilo 20 za msafara, mbali na vitu vyake mwenyewe. Akirudi nyumbani Kibosho au Marangu, bakshishi na mshahara huwa mfuko mmoja. Kwa sheria na kwa dhamiri, hata hivyo, lazima ijulikane kama fedha ya mgeni ni zawadi au ni sehemu ya ujira.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 inayaelewa mapato ya ajira kwa upana: mshahara, posho, bonasi, kamisheni na malipo mengine yanayotokana na kazi. Anayesema bakshishi ni zawadi hushikilia hiari ya mtoaji. Mgeni hakuweka sahihi popote, na angeondoka bila kutoa chochote hakuna ambaye angemdai.

Hoja hiyo imejibiwa zamani, katika jambo zito kuliko la mlimani. Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume Muhammad kukusanya zaka. Aliporudi alitenga mafungu mawili, moja la umma, jingine akisema amezawadiwa. Mtume alihoji kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi hiyo ingemfikia. Mgumu si mtumishi wa umma wala hatuhumiwi rushwa. Kinachoazimwa hapa ni kipimo tu. Angekaa kwenye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, akipalilia migomba, dola ya mgeni isingemfuata. Kipimo hiki hakiuchunguzi moyo wa mtoaji, na ndiyo nguvu yake: mgeni anaweza kutoa kwa upendo mtupu, na fedha ikabaki ni ya kazi.

Mila za Wachaga nazo zinaitikisa hoja ya hiari, kwa upande mwingine. Anapochinjwa mnyama wa ukoo, kila ndugu ana sehemu yake ya nyama kulingana na nafasi yake, mgawanyo ambao mwanaanthropolojia Sally Falk Moore aliueleza katika kitabu chake cha 1986 kuhusu sheria za kimila za Kilimanjaro. Mchinjaji anatoa kwa mkono wake, lakini aliyenyimwa sehemu yake ana haki ya kulalamika. Kumbe kitu kinaweza kutolewa kama zawadi na bado kikawa haki ya mpokeaji. Bakshishi imefika hapo siku nyingi: kampuni za utalii huwaeleza wageni viwango vinavyotarajiwa kabla hawajapanda ndege kuja.

Basi kimsingi inatozeka. Ugumu uko kwenye hesabu. Tuseme mgumu analipwa shilingi 20,000 kwa siku na amepanda mara mbili kwa mwezi, siku saba kila mara: ni 280,000. Kiwango kisichotozwa ni 270,000 kwa mwezi, na asilimia 8 ya ziada ni shilingi 800. Zikiongezwa bakshishi za 200,000, kodi inafika 16,800. Lakini mwajiri hukata kodi katika kile anacholipa yeye, na bakshishi haikupita mkononi mwake. Zaidi ya hapo, safari ya kwanza ilikuwa ya kampuni moja na ya pili ya nyingine, kwa hiyo hakuna aliyeuona mwezi mzima isipokuwa mgumu mwenyewe. Agizo la Yesu la kumpa Kaisari vilivyo vyake, linalosomwa katika makanisa ya mlima huu, lilitolewa sarafu ikiwa imeshikwa na kuonekana. Bakshishi mara nyingi imo ndani ya bahasha.

Bahasha hiyo ikikabidhiwa kiongozi peke yake, wa kwanza kupunjwa si serikali. Ni mgumu, asiyejua ndani kulikuwa na kiasi gani. Ndiyo maana KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi ulioanza Moshi mwaka 2003, umekuwa ukihimiza kiasi kitangazwe mbele ya kikosi kizima. Kwingine nako utaratibu unaanzia kwenye kuweka wazi. Sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024 inamkataza mwajiri kubakiza bakshishi na inamtaka aigawe kwa haki. Ile ya Marekani ya Julai 2025 inasamehe kodi ya mapato ya serikali kuu kwa bakshishi za hadi dola 25,000 kwa mwaka, hadi 2028, na kwa zilizoripotiwa tu. Mlimani, karatasi yenye jina na fungu la kila mmoja, ikisomwa kwa sauti kambini, humwezesha mgumu kudai chake kwa kiongozi. Karatasi hiyohiyo ndiyo kumbukumbu pekee ambayo ofisa wa Mamlaka ya Mapato angeweza kuanzia.