Nyoka Aliyepata Jina Baada ya Jembe

Tulimpata nyuma ya magunia ya mahindi, hapa Kitale, saa mbili usiku. Hakuzidi urefu wa mkono wangu. Jirani alishusha jembe kabla sijamaliza kusema ngoja. Kwa hivyo nilimtambua akiwa maiti: rangi ya kahawia, magamba laini, mistari miwili hafifu kila upande wa kichwa. Nyoka wa nyumbani. Hana sumu. Chakula chake ni panya, na ni panya haohao wanaotoboa magunia yetu.

Niliumia, halafu nikajiuliza kama nina haki ya kumlaumu mtu. Kutambua nyoka si mchezo, bana. Watu husema mboni nyembamba kama ya paka ni dalili ya sumu. Huyu wetu alikuwa nayo, na mamba mweusi, muuaji kweli, mboni yake ni ya mviringo. Tena kuna kale kanyoka keusi kanakoishi chini ya udongo: hata ukikashika nyuma ya kichwa, kanakuchoma kwa jino la pembeni bila kufungua mdomo. Sasa jirani, mwenye mtoto wa miaka mitatu anayetembea peku uani, achuchumae na tochi ahesabu mistari? Shirika la Afya Duniani lenyewe liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017 tu.

Kukhu, kule Bungoma, haoni swali lolote. Sisi Wabukusu husimulia kwamba tohara yetu ilianza na Mango, aliyeua joka la Mwiala lililokuwa likila watu. Nilipompigia simu akacheka: "Mwana wase, Mango aliuliza jina?"

Nimelifikiria hilo siku kadhaa. Naona Mango hakuhitaji kuuliza. Katika simulizi niliyolelewa nayo, joka lilikuwa limemuulia mwanawe; alilifuata hadi pangoni akijua ni nani na limefanya nini. Sisi tulimuua wa kwanza tuliyemwona, kwa sababu alifanana na hofu yetu. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na najua jinsi mtaa unavyokupa jina kabla hujafungua mdomo. Pengine ndiyo maana nimeng'ang'ana na huyu nyoka.)

Simwambii jirani aweke mtoto rehani kwa ajili ya elimu yangu. Ninachodai ni kidogo: tujifunze mchana, kabla ya usiku wa jembe. Makumbusho ya Kitale yana nyoka hai. Nimemwomba twende Jumamosi, na mtoto pia.

Ameniuliza kiingilio ni pesa ngapi.