Mahali Asipojulikana Mtu

Liko swali moja lililotusumbua tangu mwaka jana, nalo tumelizungumza mara nyingi na walimu wenzetu jioni baada ya kazi, wala hatujalimaliza. Swali lenyewe ni hili: Tabia njema ya mtu ni mali yake mwenyewe, au ni mali ya macho ya jirani zake? Yaani, yule tunayemsifu kijijini kuwa ni mwaminifu, je, ni mwaminifu kweli, au ajua tu kwamba mama mkubwa amekaa barazani naye amwona apitapo?

Swali lilianza kwa barua. Kijana mmoja wa huku kwetu mlimani, tuliyemfundisha kusoma alipokuwa mtoto, alichaguliwa na chuo chake kwenda kusoma mwaka mmoja katika mji wa Leipzig, nchi ya Ujerumani, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Mpango huo waitwa Erasmus. Ulianza mwaka 1987 kwa vyuo vya Ulaya, na tangu 2015 vyuo vya Afrika navyo vyaweza kupeleka vijana wao. Jina la Leipzig si geni masikioni mwa wazee wa Kilimanjaro, maana wamisheni waliofika mlimani mwaka 1893 walitumwa kutoka mji huo. Kwa hiyo wazazi wake walifurahi, kana kwamba mtoto anakwenda kwa wajomba. Lakini aendaye kwa wajomba hupokewa. Kijana wetu alishuka garini mwezi wa Oktoba, jioni, mvua inanyesha, wala hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua jina lake.

Barua yake ya kwanza ilijaa mastaajabu. Katika mji ule magari yapitayo juu ya reli barabarani, yaitwayo tramu, hayana mlango wa kukagulia watu. Mtu hupanda, hukaa, hushuka, wala haulizwi neno. Mwenye tikiti na asiye na tikiti wakaa benchi moja. Siku moja moja tu wakaguzi huingia, na wakimkuta mtu hana tikiti humtoza Euro 60. Tena nje ya miji, kando ya barabara, kuna mashamba ya maua yasiyo na mlinzi. Pana kisu, pana ubao wa bei, pana sanduku la chuma lenye tundu. Mpita njia hukata maua ayatakayo, huyahesabu mwenyewe, hutia fedha katika tundu, kisha huenda zake.

Ndipo yakafuata maneno haya: “Mwalimu, nyumbani sijapata kupanda gari bila kulipa hata siku moja. Huku, kabla sijapewa tikiti ya wanafunzi, nimepanda mara tatu bure. Si kwamba nilikosa fedha. Nilitazama huku na huku, nikaona hakuna anijuaye.” (Hapo tulicheka kidogo, maana kwetu kondakta hampi mtu nafasi ya kujaribiwa.) Lakini tulipokwisha kucheka tulinyamaza, kwani kila mmoja wetu aliwahi kwenda mji wa mbali, naye alikumbuka lake.

Plato, mwenye hekima wa Wayunani, katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri, asimulia habari ya mchungaji aliyeokota pete ya ajabu. Akiigeuza kito chake upande wa ndani, haonekani tena na watu. Akikirudisha nje, aonekana. Mchungaji yule alipoijua nguvu ya pete hakukawia: aliingia katika nyumba ya mfalme, akamshawishi malkia, akamwua mfalme, akautwaa ufalme. Katika kitabu kile yuko mtu asemaye kwamba mwema na mwovu, kila mmoja akipewa pete kama ile, wote wawili watatenda sawasawa. Plato mwenyewe hakukubali neno hilo, akaandika kurasa nyingi sana kulijibu.

Nasi twaona kwamba kijana wetu hakuwa na pete ile. Mle ndani ya tramu kila mtu alimwona, na pengine walimtazama kuliko mtu mwingine yeyote, maana alikuwa mweusi peke yake. Ila kuonekana si kujulikana. Pete ya mgeni ni ya namna nyingine: haimfichi mwili, yamficha jina. Watu mia wamtazama, wala hakuna hata mmoja awezaye kusema, “Huyu ni mtoto wa fulani.” Mwalimu mwenzetu mmoja alipolisikia hilo alisema swali limekwisha: tabia njema ni ua tu, na ua likiondolewa mbuzi huingia mahindini. Tulikaribia kumkubali, tena tulikaribia kujisifu kwamba vijiji vyetu vina ua zuri.

Barua ya pili ilituzuia. Kijana aliandika kwamba Jumapili moja alishuka na chupa zake tupu kwenda kuzitupa katika pipa la vioo lililo karibu na nyumba. Mama mmoja mtu mzima, akaaye chini, akafungua dirisha akamkemea kwa sauti mbele ya wapita njia: Leo ni Jumapili! Kwa maana Wadachi, kama wazee wetu walivyowaita, huiheshimu siku hiyo hata kwa masikio. Maduka mengi hufungwa, na kuvunja vioo katika pipa ni marufuku. Kijana akarudi chumbani na chupa zake, akakaa kitandani kwa hasira. Alijiambia kwamba amedharauliwa kwa sababu ni mgeni. Kesho yake yule mama akagonga mlango. Akamshusha uani, akamwonyesha pipa la karatasi, pipa la maganda ya jikoni na pipa la takataka nyingine, akaeleza kila moja polepole kama afundishavyo mwalimu wa watoto. Kisha akataja jina lake, akamwuliza jina lake yeye, akalirudia mara tatu mpaka akalitamka sawasawa.

“Tangu siku ile,” aliandika kijana, “sijapanda tramu bila tikiti. Wala sijui kwa nini, maana yule mama hapandi tramu.”

Maneno hayo machache yalitupa kazi ya majuma mengi. Ingalikuwa tabia ni macho tu, kijana asingalibadilika, kwa kuwa macho ya yule mama hayakufika katika tramu. Na ingalikuwa ni mali yake mwenyewe tangu mwanzo, asingalipanda bure mara tatu. Twadhani jambo lilikuwa hivi: alipoulizwa jina, alipata mahali pa kutia aibu. Kabla ya hapo, akiiba au asiibe, hapakuwa na nyumba iliyochafuka. Sasa ilikuwapo nyumba moja, yenye ngazi na mapipa matatu, ambayo naye alihesabiwa ndani yake. Tumegundua kwamba kukemewa kwaweza kuwa ndiyo karibu ya kwanza. Sisi wenyewe twamwambia mgeni siku mbili apumzike, na siku ya tatu twampa jembe.

Lakini tusikosee. Si kila akemeaye mgeni amkaribisha. Kijana huyo huyo alikutana njiani na mtu aliyemwambia arudi kwao, naye hakuwa amekosa neno lolote. Mmoja asema, “Huku hatufanyi hivi,” na katika neno hilo “hatu-” amekwisha kumwingiza. Wa pili asema, “Wewe si wa huku,” naye amefunga mlango. Kwa mbali sauti zao zafanana sana, ndiyo maana kijana alikaa kitandani na hasira siku nzima bila kujua ni ipi aliyoisikia.

(Tuongeze la kuchekesha. Chuo kikuu cha mji ule, kilichoanzishwa mwaka 1409, hufundisha Kiswahili. Kijana alikwenda kulitazama darasa, na mama mmoja mwenye mvi, mwanafunzi, akasimama akamwamkia, “Shikamoo.” Alitamani ardhi ipasuke. Akajibu kwa kumwamkia yeye shikamoo, na darasa zima likachanganyikiwa.)

Tungaliishia hapo tungaliona macho ya jirani ni jambo jema kabisa. Ila Leipzig ni mji uliokwisha kuyajua macho ya namna nyingine. Ulikuwa katika Ujerumani ya Mashariki, dola iliyokwisha mwaka 1990, na polisi wa siri wa dola ile, waliozidi 90,000 mwishoni, waliwatumia majirani, wafanyakazi wenzi, hata ndugu, kuandika habari za watu. Makao yao mjini yalifanywa nyumba ya makumbusho. Kijana aliona humo chupa zilizotiwa vitambaa vyenye harufu ya watu, ili mbwa waweze kuwafuata. Kutoka katika kanisa la Mtakatifu Nikolao mjini humo, baada ya sala za Jumatatu, watu wapatao 70,000 walitembea bila silaha tarehe 9 Oktoba 1989, na askari hawakupiga risasi.

Kijana alikuwa amefanya urafiki na mzee mwenye kibustani, kimoja katika vile vilivyo vingi sana mjini, vyenye uzio na kijumba, ambavyo sheria yataka vipandwe mboga na matunda, si maua tu. Alimsaidia kuchuma matofaa, kwa kuwa mtoto wa kihamba hawezi kutazama mti uliozaa akapita. Akamwuliza mbona watu wa mji hawaulizani habari. Mzee akajibu kwamba ujanani mwake aliyeuliza sana ndiye aliyeogopwa.

Tuliposoma hayo hatukujisifu tena. Tulimkumbuka binti mmoja wa jirani aliyehamia mjini, si kwa kutafuta kazi, bali kwa kuchoka kutazamwa. Macho yetu yalimjua jina, ukoo na kosa lake, wala hayakumlinda; yalimhesabu kama mwenye duka ahesabuvyo deni. Yule mama wa dirishani alimkemea kijana wetu mara moja, kisha akapanda ngazi kwenda kumfundisha. Sisi kwa binti yule tulifanya nusu ya kwanza tu.

Mwalimu mwenzetu bado ashikilia habari yake ya ua na mbuzi. Sisi twasema mbuzi hana jina la kutia aibu, naye ajibu kwamba hatujafuga mbuzi.

Barua ya mwisho ilifika mwezi wa Julai. Kijana alikuwa amekwenda shamba la maua kumkatia yule mama shada la kumuaga. Akayahesabu, yakawa ya Euro nne. Mfukoni alikuwa na noti ya kumi peke yake, na sanduku halirudishi chenji. Alitazama huku na huku. Barabara ilikuwa tupu. Akaikunja noti, akaisukuma katika tundu, na siku mbili zilizofuata, aandika, aliyajutia mno yale maua, kwani fedha ile ilikuwa ya chakula.