Yethro, Musa na Akili Mnemba



Vijana wenzangu, fungueni Biblia zenu, Kutoka 18. Musa ameketi kuamua mashauri ya watu toka asubuhi hadi jioni, na foleni haiishi. Mkwewe Yethro anamtazama, kisha anamwambia bila kuzunguka: hapo utachoka wewe na hawa watu pia. Anampa utaratibu: weka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa kumi kumi. Mambo madogo waamue wao, mazito yaje kwako. Musa akasikiliza.

Viongozi wengi wa vijana ninaowafahamu siku hizi wamepata Yethro mwingine, akili mnemba. Na inasaidia, tusidanganyane. Katibu anaiwekea alichoandika haraka haraka kikaoni, anapata muhtasari safi kabla hajashuka daladala. Mhazini anapanga bajeti ya hija kwa dakika chache. Ila hakiki majina na hesabu, maana isipojua kitu inaweza kukutungia, tena kwa kujiamini kabisa.

Aristotle aliwahi kuwaza vifaa vya kufuma vinavyofuma vyenyewe. Akasema hapo mafundi wakuu wasingehitaji wasaidizi. (Mnivumilie, falsafa haitoki kichwani kirahisi.) Lakini yeye aliwaza nguo. Sisi tunaongoza watu.

Rudini mstari wa 21. Yethro anataka watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu, waaminifu, wanaochukia mali ya dhuluma. Sasa utamjuaje mtu anayechukia mali ya dhuluma? Lazima uwe umekaa naye. Umemwona siku aliyoshika hela ya wenzake.

Kijana mmoja alikosa vikao vinne. Programu ya kikundi chake ikahesabu, ikamtumia ujumbe: tumekukumbuka, karibu tena, na kopa mbili nyekundu. Yeye alikuwa anamuuguza mama yake. Akaniambia, "Frateri, ujumbe ulikuwa mzuri, ila nilijua hakuna mtu aliyeuandika."

Hilo limenikaa. Kosa halikuwa kuhesabu; bila hesabu ile pengine hakuna ambaye angegundua kuwa hayupo. Shida ni kwamba baada ya mashine kugundua, ikaachiwa pia kazi ya kumpenda.

Baba Mtakatifu Leo XIV, Mei 10, 2025, aliwaeleza makardinali kwamba jina lake linamkumbuka Leo XIII, aliyeandika Rerum Novarum mwaka 1891 nyakati za viwanda, kwa kuwa akili mnemba nayo inaleta maswali mapya kuhusu utu, haki na kazi. Kwetu swali hilo linaanzia kwenye orodha ya mahudhurio. Mashine ikupe majina ya wasiofika. Ule muda iliyokuokolea kwenye muhtasari, tumia kupiga simu, kwa sauti yako, hata kama hujui useme nini.

Yule mama bado amelazwa. Tunakwenda watatu Jumapili, baada ya Misa ya pili.