Kumnenepesha Mtoto, Je, Ni Kumpenda?

Iko salamu moja ambayo twaitoa kwa moyo mwema wala hatuipimi. Mtu akirudi safarini twamwambia, "Umenenepa!" naye hufurahi, maana amesikia ya kuwa huko alikokuwa aliangaliwa vema. Mtoto mchanga naye akiletwa mbele ya wazee, mwenye mashavu manono husifiwa, na mamaye husifiwa pamoja naye. Akiwa mwembamba, watu hunyamaza kidogo, kisha huuliza kama anyonya.

Sifa hiyo haikuzaliwa na upumbavu. Wazee wetu waliona njaa kwa macho yao. Waliona surua na kwashakoo zikiwachukua watoto, na aliyekuwa na nyama mwilini mara nyingi ndiye aliyepona. Tena katika miaka ya 1980 ulipoingia UKIMWI, watu wa Kagera wakauita Juliana, na wenzao wa Uganda wakauita Slim, yaani wembamba. Tangu hapo aliyekonda alitazamwa kwa hofu, na aliyenenepa akahesabiwa kuwa mzima. Basi ni nani atakayemlaumu bibi apendaye mjukuu mnene?

Lakini mambo yamegeuka. Katika mwaka 2025 Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto, UNICEF, lilitoa taarifa ya kwamba kwa mara ya kwanza, katika watoto wa dunia wenye umri wa miaka 5 hata 19, walio na unene wa kupita kiasi wamewazidi wale wenye uzito pungufu: 9.4 katika kila mia, na hao wengine 9.2. Afrika kusini ya Sahara haijafika hapo. Kwetu wenye uzito pungufu wangali wengi zaidi. Lakini katika miji yetu mambo hayo mawili yaweza kukaa katika mtaa mmoja, hata katika nyumba moja. Na ugonjwa wa kisukari wa aina ya pili, ambao zamani ulihesabiwa kuwa wa watu wazima, sasa huonekana hata kwa vijana wadogo.

Mimi nisingeandika habari hii kama isingalinifika nyumbani mwangu. Mjukuu wetu, mtoto wa binti yetu akaaye Dar es Salaam, aliletwa kwetu huku mlimani, Kilimanjaro, katika likizo ya Desemba, naye alikuwa na miaka tisa. Bibi yake alipomwona akapiga vigelegele: "Huyu ndiye mtoto aliyelishwa!" Nami kwa furaha nikawa namnunulia soda kila siku. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Mtu angaliniambia nimkorogee mtoto vijiko tisa katika kikombe kimoja, ningalimwona ana wazimu. Lakini kwa kuwa ilikuwa ndani ya chupa, niliita zawadi.

Hata juma la tatu, jioni moja, tulipokuwa mezani, mtoto akaomba ndizi tena. Nikasema mbele ya wote, kwa mzaha, "Wewe umeshiba tangu mwaka jana." Watu wakacheka. Yeye akaondoka taratibu. Baadaye nilimkuta nyuma ya banda la mbuzi, anakula biskuti gizani, analia. Akaniambia ya kuwa shuleni wanamwita Bonge, na binamu zake huku nao wameanza. Ila hakudhani ya kuwa na babu naye. Kinywa kilekile kilichomsifu alipofika, sasa kilimwaibisha kwa mwili uleule.

Usiku ule nilijiuliza: kosa hili ni la nani? Wako wasemao, ulafi ni dhambi, na mtoto akemewe. Lakini kosa lahitaji hiari. Mtoto huyu alichagua nini? Basi la shule humchukua saa kumi na moja alfajiri, humrudisha jua likikaribia kuchwa. Kisha ni kazi za shule, kisha televisheni, maana nje hapana uwanja, ni magari tu. Mtoto wa umri wake ahitaji kulala saa tisa au zaidi, naye hapati; na mwili usiolala vya kutosha huona njaa zaidi. Tena watu hatukuumbwa sawa: watoto wawili waweza kula sahani moja, mmoja akanenepa na mwingine asinenepe, kwa sababu ya mambo waliyorithi. Basi anayemhukumu mtoto kwa kumtazama mwili ahukumu asilolijua. Tena aibu haipunguzi uzito. Humfundisha mtoto kula mafichoni tu, kama nilivyoona mwenyewe.

Je, kosa ni la mamaye? Nilimpigia simu binti yetu, nami nilikuwa nimekusudia kumkaripia. Akasema, "Baba, nafika nyumbani saa mbili usiku. Chipsi zauzwa mlangoni, na zimekwisha kuiva. Akilia, nampa." Sikuweza kumjibu, maana mimi sina kazi wala foleni ya magari, nami nilimpa soda bila hata kulia. Kumpenda mtu ni kumtakia mema yake, wala si kumpa kila alitakalo. Neno hilo ni rahisi kulisema. Kwa mama aliyechoka ni gumu, wala asiachiwe yeye peke yake.

Hapa wengine huuliza: je, serikali ina haki ya kuingia jikoni mwa mtu? Meksiko ilianza mwaka 2014 kutoza peso moja kwa kila lita ya kinywaji kilichotiwa sukari. Chile, tangu mwaka 2016, huamuru alama nyeusi zibandikwe juu ya vyakula vilivyozidi sukari, chumvi au mafuta, wala haviruhusiwi kuuzwa shuleni, wala kupambwa kwa picha za vikaragosi vya kuwavuta watoto. Uingereza nayo mwaka 2018 ilianza kutoza soda kwa kadiri ya sukari iliyomo, na viwanda vingi vilipunguza sukari hata kabla ya siku ya sheria kufika. Kwa maoni yangu, jiko halikuwa tupu hata serikali ikaingia kwa nguvu. Mwenye kuuza alikwisha kuingia zamani, kwa picha na nyimbo, naye husema na mtoto mzazi asipokuwapo. Ni haki yuko mwingine wa kusema upande wa mtoto.

Basi sisi tulimpeleka kliniki. Muuguzi alimpima urefu na uzito pamoja, maana uzito peke yake hausemi kitu, akatuonya tusimfungishe njaa: mtoto angali anakua, na kwa wengi katika umri huo yatosha uzito usimame huku urefu ukiendelea. Hatukumtengea sahani yake. Tulibadili meza ya wote, soda ikakoma kwa babu pia (nami, nakiri, niliitamani), yakawa maji, mtori, maharage, mboga za majani, maziwa, na embe badala ya biskuti. Asubuhi alikwenda na binamu zake kukata majani ya mbuzi, kupanda na kushuka mlima. Shirika la Afya Duniani lataka mtoto apate walau dakika 60 za kujitahidi hivyo kila siku, naye alizipata kabla ya saa nne bila kujua.

Lililokuwa gumu kuliko yote lilikuwa kumwomba radhi mbele ya meza ileile. Mzee hazoei kufanya hivyo kwa mtoto. Nilifanya, binamu wakatazamana, na jina la Bonge sikulisikia tena uani kwangu.

Siku ya kuondoka, kituoni, jirani mmoja alimtazama akasema kwa huruma, "Maskini, mbona amepungua? Hamkumlisha?" Bibi yake akajibu upesi, "Amerefuka." Mtoto akasimama wima, akapanda basi.