Je, Ni Ufujaji Mume na Mke Kwenda Kupumzika Pwani?



Tuseme watoto wenu wamechanga pesa. Mwaka huu mnatimiza miaka 25 ya ndoa, jubilei ya fedha, na badala ya kuwaletea blanketi na seti ya vikombe, wamewalipia siku nne katika hoteli ya ufuoni, kusini mwa Mombasa. Wamelipia chumba, chakula, kuoga katika maji ya bahari yaliyopashwa moto, kupakwa mwani na kukandwa mgongo. Mama anafungua bahasha, anasoma, ananyamaza. Baba anakohoa, kisha anasema: "Mabati ya nyumba ya mama yanavuja. Mimi nitalalaje huko?"

Nani ana haki hapo? Msikimbilie kujibu. Yule mzee si bahili, na yule mama si mpenda anasa. Kila mmoja ameshika kitu cha kweli, na wanandoa wengi wamenuniana wiki nzima kwa jambo kama hili.

Kwanza tujue kinachouzwa ni nini. Tiba hiyo ya maji ya bahari Wafaransa huiita thalasotherapia, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya bahari. Wengi hudhani ilibuniwa kwa ajili ya matajiri. Ni kweli kwamba daktari Mwingereza Richard Russell alipoandika mwaka wa 1750 juu ya maji ya bahari na magonjwa ya tezi, wenye uwezo ndio waliomiminika Brighton. Lakini mwaka wa 1791 hospitali ilianzishwa Margate kwa ajili ya maskini wa London waliougua kifua kikuu cha tezi na mifupa, ili nao wapate hewa na maji ya bahari. Ufaransa nako, tangu miaka ya 1860, watoto wa maskini wa Paris wenye ugonjwa huo walipelekwa Berck, ufuoni kaskazini mwa nchi. Mwaka wa 1899 daktari Louis Bagot alifungua taasisi yake mjini Roscoff, akiwatibu watu wenye maumivu ya viungo kwa maji ya bahari yaliyopashwa moto. Miaka mingi baadaye akaja kutibiwa huko Louison Bobet, mwendesha baiskeli aliyeshinda mashindano ya Tour de France mwaka wa 1953, 1954 na 1955, naye alikuwa ameumia katika ajali ya gari. Aliridhika mno hata mwaka wa 1964 akafungua kituo chake mwenyewe huko Quiberon. Tangu hapo hospitali na hoteli zikaanza kufanana. Mwaka wa 1998 bima ya afya ya serikali ya Ufaransa iliacha kulipia tiba hiyo, na mwenye kuitaka sasa hutoa pesa mfukoni mwake.

Je, inaponya? Tuseme ukweli, maana matangazo husema mengi. Mwili uliozama hadi shingoni hubebwa na maji, na magoti yaliyochoka hupata nafuu. Maji ya bahari, yenye chumvi ya gramu 35 hivi katika kila lita, hubeba kidogo zaidi ya maji ya mto. Joto hulegeza misuli na kupanua mishipa ya damu. Hayo ni kweli. Lakini habari ya madini kupenya ngozini na kusafisha damu ina ushahidi mdogo sana, kwa sababu Mungu aliumba ngozi ili izuie maji yasipenye. (Na mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye shinikizo la damu lisilotulia, au mama mjamzito, amwone daktari kabla ya kuingia maji ya moto.) Ukiondoa maneno ya matangazo, kinachobaki ni joto, maji, mikono ya mtu anayejua kukanda, na siku kadhaa ambazo hakuna anayeita jina lako akitaka kitu. Yaani kinachouzwa hasa ni mapumziko.

Sasa turudi kwa mabati yanayovuja. Hoja ya baba ni nzito, na asiyeiona hivyo hajapata kuwa mtoto wa mtu. Jirani akidai pesa zake, mtoto akifukuzwa shule kwa karo, mgonjwa akikosa dawa, hapo hakuna cha bahari. Deni lina mwenyewe. Lakini mzee, jiulize kwa unyofu: ni lini shida za ukoo zitakwisha? Ukitengeneza paa, litabomoka choo. Ukijenga choo, mpwa atahitaji nauli ya kwenda chuoni. Ikiwa mapumziko yenu yanangoja siku ambayo hakuna ndugu mwenye shida, basi mmeamua kutopumzika kamwe, ila hamjasema hivyo kwa kinywa. Bwana wetu aliwaita mitume waende mahali pa faragha wakapumzike, na siku hiyo maskini hawakuwa wamekwisha Galilaya. Tena umati uliwafuata hukohuko, naye akauhurumia na kuulisha. Hakuwaambia mitume kwamba walikosea kwa kuchoka.

Kuna jambo jingine ambalo akina baba hatupendi kuulizwa. Pesa zile tunazotoa kwenye harambee, jina likasomwa kwa kipaza sauti, au zile za kuwanunulia marafiki vinywaji Jumamosi jioni, hatuzipimi kwa mabati ya mama. Mabati hukumbukwa pale mke anapotaka kitu. Sisemi kila mume yuko hivyo. Kila mmoja na achunguze daftari lake.

Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Nani hupumzika nyumbani kwenu? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi wa Kenya siku 21 za likizo yenye malipo kila mwaka. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alitaja mapumziko ya kila juma na likizo ya kila mwaka miongoni mwa haki za mfanyakazi. Vizuri. Lakini mama wa nyumbani huandika barua ya kuomba likizo kwa nani? Hata yule aliyeajiriwa, zile siku 21 huzimalizia jikoni. Desemba ikifika, familia hupanda basi kwenda mashambani "kupumzika". Baba huketi chini ya mwembe na kaka zake. Mama huamka kabla ya jogoo, huchota maji, huwapikia watu 20, huosha sufuria, tena hupimwa na mama mkwe kama bado ni mchapakazi. Januari baba hurudi amenenepa, mama hurudi mgonjwa. Wote wawili wataambiwa walikuwa likizoni.

Kwa mwanamke wa namna hiyo, hoteli ina maana ambayo mumewe pengine haioni. Hana haja na mwani wala na taulo nyeupe. Anachotamani ni kula chakula ambacho hakukipika, akaacha sahani mezani, akaondoka. Huenda hajawahi kufanya hivyo tangu siku ya arusi. Kwa hiyo anyamazapo mbele ya ile bahasha, mzee, usidhani amekubaliana nawe kuhusu mabati.

Upande wa pili upo pia, na ni haki usemwe. Yupo mume afanyaye kazi mbili, mchana ofisini na usiku kwenye duka, ambaye mkewe humpimia mapenzi kwa picha za jirani aliyekwenda pwani. Huyo akikopa ili naye apigwe picha akiwa amevaa joho jeupe, atakuwa amenunua uchovu wa miezi 12. Mapumziko ya kuonyeshwa watu kwenye simu ni kazi nyingine.

Kuhusu kukandwa, wengine huuliza: je, inafaa mke au mume wangu aguswe na mgeni? Mkandaji aliyefunzwa ni mtu wa kazi kama muuguzi, na kuona uchafu katika kila mguso ni kujisumbua. Hata hivyo mwenzako akiona aibu, usimcheke wala usimlazimishe. Ombeni mwanamke amhudumie mwanamke, na mwanamume amhudumie mwanamume, au acheni kabisa sehemu hiyo. Na yule anayewakanda husimama kutwa nzima, mgongo wake pia unauma. Mwulizeni jina. Mkiwa na kitu cha kumpa, mpeni mkononi mwake.

Ambao hawana watoto wa kuwachangia wasidhani ukurasa huu umewapita. Wafaransa hupasha maji moto kwa sababu Atlantiki yao ni baridi hata wakati wa kiangazi. Bahari yetu huja tayari ina joto, na haina tiketi. Katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Mombasa, familia za kawaida huoga bure kila sikukuu, na tangu mwaka wa 2017 treni ya Madaraka Express huwafikisha watu wa Nairobi huko kwa muda wa saa tano au sita. Mnaoishi mbali zaidi, beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, mume akaikanda miguu ya mkewe dakika 20 na mlango umefungwa, si mzaha. Jaribuni, kisha mniandikie. Lakini watoto wapelekwe kwa shangazi, na ugali wa jioni hiyo upikwe na mtu mwingine.

Na wale wazee wetu wa jubilei? Zawadi ile si pesa yao ya kugawa. Watoto waliitoa kwa nia yake, na kuibadilisha iwe mabati bila kuwauliza ni kuwanyang'anya furaha waliyoinunua. Basi baba awaite watoto, awaeleze habari ya paa bila kuwalaumu, na wakubaliane ni nani atanunua mabati mangapi, na kabla ya mvua za masika. Halafu ampigie mama yake simu, amwambie siku fundi atakapokuja, na amwambie pia, bila kuficha, kwamba wiki inayofuata yeye na mkewe watakuwa pwani siku nne, na simu itakuwa imezimwa hadi jioni.