Pua Mpya na Chunusi

Yako maswali ambayo huulizwa kwa haraka, na mara nyingi na wale wafurahiao kuona mwenzao ameaibika. Mojawapo ni hili: Mtu akipasuliwa pua ili apendeze, kisha uso wake ukajaa chunusi, je, hiyo si adhabu ya Mwenyezi Mungu kwa kubadili umbo alilopewa?

Ndugu msomaji, sababu ya chunusi hizo yajulikana. Baada ya upasuaji, pua hubandikwa utepe na kufunikwa kwa kifuniko kigumu kwa muda wa juma moja hivi. Ngozi iliyo chini yake haioshwi, mafuta yake hukusanyika, na vitundu vyake huziba. Wenye ngozi ya mafuta husumbuka zaidi. Sasa, aliyevunjika pua ajalini akatengenezwa, naye hufungwa vivyo hivyo na huweza kutokwa na chunusi zizo hizo. Yeye ameadhibiwa kwa dhambi gani?

Katika Hadithi tunasoma habari za Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu. Alijitengenezea pua ya fedha, ikanuka, Mtume s.a.w. akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Na dhahabu, kama ijulikanavyo, ni haramu kwa wanaume! Basi haja ya kweli ina uzito mkubwa katika sheria.

Lakini haja ni nini? Hapa ndipo penye ugumu. Mwaka 1898, mjini Berlin, tabibu Jacques Joseph alieleza jinsi alivyopunguza pua ya mtu aliyekuwa mzima wa mwili, ila aliona haya kutembea mbele za watu. Sithubutu kusema dhiki ya mtu yule ilikuwa upuuzi. Ila kijana wa Tehran, mji ambao upasuaji huu umeenea mno, akitaka pua mpya kwa kuwa rafiki zake wanazo, jambo lake ni jingine. Chunusi chache humfunulia hali yake: aliyetafuta kuondolewa dhiki huzivumilia, lakini aliyetawaliwa na kioo hurudi kuhangaika upya, na pua anayo.

Hata huyo hastahili kuchekwa. Amtembeleaye amwambie asizikamue, wala asijipake dawa ya dukani bila kumwuliza tabibu aliyempasua.